Kipande cha Ukurasa Kiitwe kwa Jina Lake

Katika vyuo vyetu vya ualimu yamezuka maoni ya aina mbili juu ya namna ya kumfundisha mtoto wa shule ya msingi kutumia kurasa za kompyuta zinazoandikwa na kusomwa na watu wengi pamoja. Wapo wanaosema kwamba mtoto afundishwe hatua tu: bonyeza juu kulia, shuka mara mbili, fungua kile cha tatu. Wapo na wengine wanaosema kwamba jinsi kompyuta inavyokitambua kipande kimoja cha ukurasa na kukileta ni habari ya mainjinia, na kwamba mwalimu wa Darasa la Tano pale Kilosa au Mikumi hana haja nayo. Nakusudia katika makala haya kuyapinga maoni yote mawili, na kumwonyesha mwanachuo kwamba jambo lenyewe laweza kufundishwa kwa kadi za manila na ubao wa matangazo, hata mahali ambapo umeme haujafika darasani.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya ukurasa wenyewe. Ukurasa tuuonao katika kompyuta au kishikwambi si kama ukurasa wa kitabu, uliochapwa mara moja na kubaki vile vile. Ni mkusanyiko wa vipande: tangazo, kalenda, orodha ya mafaili, picha, zoezi, jedwali la alama. Katika jukwaa la SharePoint, la kampuni ya Microsoft, ukurasa hugawanywa katika mafungu, fungu hugawanywa katika safu, na ndani ya safu ndimo vipande huwekwa. Katika Moodle, jukwaa la kufundishia lililotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na ambalo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vinavyolitumia, somo hugawanywa katika mada au majuma, na ndani ya kila mada huwekwa shughuli. Kila mwenye ruhusa aweza kukihamisha kipande, kukificha, kukipa kichwa kingine au kukifuta kabisa. Huo ndio uzuri wa kazi ya pamoja, na hapo ndipo tatizo letu linapozaliwa. Kwani mara nyingi anayetumwa kukitafuta kipande si mtu mwenye macho na akili, bali ni programu, nayo hutii neno kwa neno.

Tuchukue mfano. Shule ina ukurasa mmoja kwa kila darasa. Mwezi Februari, mwalimu mwenye ujuzi kidogo wa kuandika programu anaiagiza kompyuta: “Fungua ukurasa wa Darasa la Tano, chukua jedwali la pili, nakili safu ya mwisho, iweke katika taarifa ya maendeleo.” Jedwali la kwanza ni la Kiswahili, na la pili ni la Hisabati. Kazi inakwenda vizuri kwa miezi miwili. Mwezi Mei mwalimu wa darasa, kwa nia njema kabisa, anaingiza jedwali la mahudhurio kati ya hayo mawili, kwa sababu ndipo alipoona pana nafasi. Programu haitashtuka. Italeta idadi ya siku na kuiita alama. Mtoto aliyehudhuria siku 61 ataandikiwa alama 61 za Hisabati, na mwenzake aliyelazwa hospitali kwa wiki nne ataonekana hajui hesabu. Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba tarakimu zenyewe zinasadikika. Kama programu ingeleta picha ya tembo mahali pa alama, kila mtu angecheka na kosa lingesahihishwa siku hiyo hiyo. Lakini 61 ni alama nzuri ya Hisabati, na mzazi ataipokea kwa shukrani.

Kuna njia nne ambazo programu huweza kuzitumia kukijua kipande inachotumwa kukileta: mahali kilipo, kichwa chake, aina yake, na kitambulisho chake. Njia hizi hazina nguvu sawa, na mwalimu asiyejua tofauti yake hawezi kuifundisha.

Juu ya mahali nimekwisha kusema, ila naongeza mfano ambao watoto wa Kilosa watauelewa mara moja. Tangu mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kupitia Morogoro, Mkata, Kilosa, Kidete na Gulwe. Mwambie mgeni, “Shuka kituo cha pili baada ya Morogoro.” Akipanda treni inayosimama kila stesheni, atashuka Kilosa salama. Akipanda treni ya haraka, ambayo hurukia baadhi ya stesheni, kuhesabu kwake kutampeleka mbali na ndugu zake waliomngojea. Maelekezo hayakuwa ya uongo; yalikuwa ya kweli kwa treni moja tu. Hivyo ndivyo yalivyo maagizo ya “bonyeza kile cha tatu”.

Kichwa ni bora kuliko mahali, kwa maana kipande kikihama huhama na kichwa chake. Hata hivyo kichwa nacho kina udhaifu. Mwambie mgeni yule yule, “Tutaonana stesheni ya Kilosa.” Ipi? Ile ya reli ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, au ile ya reli ya kisasa? Neno Mikumi nalo ni la mji, na ni la Hifadhi ya Taifa pia. Katika ukurasa wa shule vichwa kama “Ratiba”, “Matangazo” na “Zoezi” hurudiwa kila siku. Programu iliyoagizwa kuleta kipande chenye kichwa “Ratiba” aghalabu huchukua cha kwanza inachokutana nacho, na cha kwanza si lazima kiwe ndicho. Tena, mtu akisahihisha kichwa kutoka “Ratiba” kuwa “Ratiba ya Muhula”, programu inayolinganisha herufi kwa herufi haitakipata tena.

Sasa tufike kwenye aina na kitambulisho, maana hapa ndipo wanachuo wengi huchanganya. Katika SharePoint kila kipande kina namba mbili. Moja ni ya aina: vipande vyote vya picha vina namba moja ya aina, vilivyo katika ukurasa huu na katika kurasa nyingine zote. Ya pili ni ya kipande chenyewe, yaani hicho kimoja kilichowekwa mahali hapo siku hiyo, wala hakuna kingine chenye namba hiyo. Namba hizo ni ndefu, zenye tarakimu na herufi 32, na hakuna binadamu anayetarajiwa kuzikariri. Programu ikiuliza kwa namba ya aina, italetewa vipande vingi na itabidi ichague. Ikiuliza kwa namba ya kipande, italetewa kimoja au haitaletewa kitu.

Mfano wa hali hii tunao karibu, katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Katika miaka ya 1970 watafiti wa tabia za wanyama walianza kuwafuatilia nyani wa manjano wa hifadhi hiyo, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka mingi. Miongoni mwa mambo waliyoyachunguza ni mpangilio wa kundi linapotembea: nani hutangulia, nani huwa katikati, nani hufuata nyuma. Mwanachuo na afikiri kidogo. Mtafiti angewezaje kusema “yule nyani wa tatu” wakati nafasi ya tatu ndiyo anayoichunguza? Kusema “nyani” tu nako hakumsaidii, kwani wote ni nyani. Ilimpasa kwanza amjue kila mmoja kwa sura na alama za mwili wake, kisha ndipo aandike mahali alipomwona. Kitambulisho hutangulia, mahali ni habari tu juu ya kile kilichokwisha kutambuliwa. Sijaona mfano unaoeleza jambo hili vizuri zaidi ya huo, na watoto hupenda habari za nyani.

Mfano wa pili uko katika ofisi ya mwalimu mkuu. Mwanafunzi wa shule ya msingi huwa na namba kadhaa. Namba yake katika daftari la mahudhurio hutokana na mpangilio wa majina ya darasa. Akija mwenzake mgeni, au yeye akihama kutoka Kilosa kwenda Mikumi, hubadilika. Namba yake ya mtihani wa Darasa la Nne si ile ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Lakini namba ya PREM, ambayo hutolewa katika mfumo wa Baraza la Mitihani la Tanzania, humfuata mtoto huyo huyo kutoka shule hadi shule. Kila mwalimu aliyewahi kushughulikia uhamisho anajua kwa nini namba hiyo inatakiwa: majina ya watoto wetu hufanana mno, na hati za walimu hazifanani. Katika madaftari ya shule moja waweza kumkuta Asha Juma watatu. Mwalimu anayetumia namba ya PREM kila siku tayari anaijua kanuni ninayoieleza. Hajaambiwa tu kwamba ndiyo hiyo hiyo inayotawala kurasa za kompyuta.

Serikali ilifanya kazi ya namna hiyo kwa nyumba zetu katika operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022. Wenyeji wa Kilosa walioshuhudia mto Mkondoa ulivyofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 hawahitaji kuelezwa kwamba “nyumba ya tatu kutoka mtoni” si anwani.

Basi mwalimu afundisheje? Napendekeza somo la vipindi viwili kwa Darasa la Tano, lisilohitaji kompyuta hata moja. Mwalimu aandae kadi nane za manila na ubao wa matangazo, au kamba iliyofungwa ukutani pamoja na vibanio vya nguo. Mbele ya kila kadi aandike kichwa: Ratiba, Zamu za Usafi, Mahudhurio, Methali ya Wiki, Alama za Hisabati, na kadhalika. Nyuma ya kila kadi aandike kitambulisho kisichofanana na kingine, tuseme K417 au K052. Mwanafunzi mmoja awe programu, naye asimame nje ya mlango. Wenzake wamwandikie agizo katika kipande cha karatasi: “Leta kadi ya nne kutoka kushoto.” Kabla hajaingia, mtoto mwingine, ambaye ndiye mshiriki wa ukurasa, aongeze kadi moja mwanzoni mwa safu. Programu itaingia, itahesabu kwa uaminifu, na kuleta kadi isiyotakiwa. Darasa litacheka. Hapo mwalimu asiharakishe kueleza. Aulize: “Amekosea nani?” Mabishano yatakayotokea yana faida kuliko maelezo ya nusu saa. Baadhi watamlaumu aliyehesabu, wengine aliyeongeza kadi; ni wachache watakaomfikiria aliyeandika agizo.

Kisha agizo litolewe kwa kichwa, na mshiriki aongeze kadi ya pili yenye kichwa “Ratiba”. Halafu agizo litolewe kwa kitambulisho, na mshiriki azichanganye kadi zote apendavyo. Programu italeta iliyo sahihi, ingawa itachukua muda mrefu zaidi kwa kuwa lazima igeuze kadi moja moja. Muda huo usifichwe. Watoto waone kwamba kutafuta kuna gharama yake, na kwamba ndiyo sababu kompyuta huweka fahirisi, kama kitabu kinavyowekewa faharasa.

Duru ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mshiriki aiondoe kabisa kadi inayotakiwa. Agizo ni “Leta K417”, na K417 haipo. Mtoto wa kwanza, kwa kutotaka kurudi mikono mitupu, ataleta kadi yoyote iliyo jirani. Amefunzwa nyumbani kwamba aliyetumwa hasemi “sikupata”. Lakini katika kazi hii jibu la haki ni “Mwalimu, haipo”, na programu nzuri hurudisha jibu hilo hilo. Tangu taratibu za kimataifa za kuusaili ukurasa zilipotangazwa na shirika la W3C mwaka 1998, amri ya kutafuta kwa kitambulisho hurudisha ama kipande kimoja ama “hakuna”; kazi ya mwandishi wa programu ni kuuliza kwanza kama amepata “hakuna”, kabla hajaendelea kunakili. Mwalimu aliyeandika programu ya alama katika mfano wetu hakuiwekea swali hilo. Hata lile jedwali la Hisabati lingefutwa, programu yake ingechukua jingine na kunyamaza.

Darasa lenye watoto 80 laweza kugawanywa katika makundi ya watoto kumi kumi, kila kundi na kamba yake. Kelele zitakuwapo, na mwalimu mkuu aarifiwe mapema.

Palipo na vifaa, kipindi cha tatu kifanyike juu ya ukurasa halisi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baadaye, hivyo shule nyingi zina angalau kimoja kinachoweza kupitishwa mezani. Wanachuo wenye nafasi ya kutumia Moodle wafanye jaribio hili wenyewe kabla ya kwenda katika mazoezi ya kufundisha: fungua shughuli yoyote na uangalie namba iliyo mwishoni mwa anwani yake. Ihamishe shughuli hiyo kutoka juma la kwanza hadi la nne, kisha ifungue tena. Namba ni ile ile. Badili kichwa, namba haibadiliki. Lakini somo zima likinakiliwa kuwa somo jipya kwa ajili ya mwaka unaofuata, shughuli zote hupewa namba mpya, na kila programu iliyotegemea namba za zamani hupotea. Kwa sababu hiyo jukwaa humpa mwalimu nafasi ya kuandika alama yake mwenyewe ya utambulisho katika mipangilio ya shughuli, na alama hiyo huweza kwenda pamoja na nakala. Walimu wengi huiacha nafasi hiyo wazi kwa kuwa si ya lazima. Ningependa iwe desturi ya chuo kuijaza.

Na ijazwe kwa busara. Mwanachuo hupenda kuandika kitambulisho chenye kueleza kila kitu, kama vile D5-JUMA3-RAMANI. Hilo ni kosa lenye sura ya utaratibu. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutekelezwa Januari 2024, elimu ya msingi ilipangwa kuwa ya miaka 6 badala ya 7, na mada zinaweza kuhamia darasa jingine. Kitambulisho chenye D5 ndani yake kitakuwa kinasema uongo siku mada ya ramani itakapofundishwa Darasa la Nne, nawe utakuwa na mawili mabaya ya kuchagua: kukibadili na kuzipoteza programu zote zinazokitumia, au kukiacha kiwadanganye wanaokisoma. Darasa, juma na mwalimu wa somo viandikwe pembeni kama habari za kipande, mahali ambapo kubadili hakuumizi. Kitambulisho chenyewe kiwe kikavu. RAMANI-07 chatosha, na K417 chatosha zaidi.

Wapo watakaoniuliza kama sifundishi jambo kubwa kwa mtoto mdogo. Kwa Darasa la Kwanza na la Pili nakubali kabisa. Mtoto wa umri huo bado anajenga dhana za juu, chini, kushoto na kulia, na kumwelekeza kwa mahali ni ufundishaji sahihi. Lakini mtoto wa Darasa la Tano hutumwa dukani kununua dawa kwa jina lake, na huambiwa asikubali nyingine. Dhana anayo. Wengine watasema kwamba hatua za kukariri huleta matokeo ya haraka katika mtihani wa vitendo. Ni kweli, huleta, madhali kompyuta ya mtihani inafanana na ya darasani. Kampuni zinazotengeneza majukwaa haya hubadili sura ya kurasa zake mara kwa mara bila kumwuliza mwalimu wa Kimamba wala wa Kidodi, na mtoto aliyekariri hatua hubaki ameduwaa mbele ya kioo kama vile hakuwahi kufundishwa.

Limebaki jambo moja ambalo mwanachuo atakutana nalo mara tu atakapopewa ukurasa wa kusimamia, nalo ni ruhusa. Programu huona kile tu ambacho mtu aliyeituma anaruhusiwa kuona. Kipande kilichofichwa kwa wanafunzi hakitapatikana na programu inayotumwa kwa jina la mwanafunzi, ingawa kipo na kitambulisho chake ni sahihi. Vivyo hivyo katika SharePoint, ukurasa uliobadilishwa lakini haujachapishwa huonekana kwa wahariri wake, huku wasomaji wakiendelea kuona ule wa awali. Kwa hiyo jibu “haipo” laweza kuwa na maana tatu: kipande hakijawahi kuwapo, kimefutwa, au kipo lakini wewe huruhusiwi. Katika somo la kadi, mwalimu aweza kuligusa jambo hili kwa kuifunika kadi moja kwa bahasha na kuandika juu yake “Walimu tu”, kisha aitume programu mbili, moja mwalimu na moja mwanafunzi, kwa agizo lile lile.